Umepewa sefaleksini, sefiksimu au seftriaksoni? Namna ya kuzitumia, na madhara ya kuyaangalia

"Dada, chupa ya mtoto imeisha leo asubuhi na daktari alisema siku tano. Leo ni siku ya nne. Nimalizie na ile amoksilini iliyobaki ya kaka yake?"

Nimekaa kwenye dirisha la dawa miaka mingi, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi sana. Mengine nayo ni yaleyale: Nimpe kabla ya kula au baada? Ameharisha, niache? Nina mzio wa penisilini, hii nayo si ileile? Kwa nini nisichomwe sindano tu nipone haraka? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua.

Mwongozo huu si wa kujitibu. Naandika nikijua kwamba umeshaonwa, umeshapimwa na umeshaandikiwa dawa, na sasa umeishika mkononi. Hapo ndipo dawa nyingi nzuri zinapoharibikia: nyumbani, kwenye kuchanganya, kupima na kutunza saa.

Ni dawa gani hizi

Sefalosporini ni ukoo wa antibayotiki, ndugu wa karibu wa penisilini. Kwenye boksi jina la dawa huanza na herufi c-e-f, au kwa tahajia ya zamani c-e-p-h. Hapa nayaandika majina yanavyotamkwa. Ukoo wote ulianzia kwenye kuvu ambayo daktari wa Italia, Giuseppe Brotzu, aliichukua mwaka 1945 kwenye maji ya bahari karibu na bomba la majitaka mjini Cagliari. Dawa hizi huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wake. Mafua, malaria na fangasi haziyagusi hata kidogo.

Utakazokutana nazo zaidi ni hizi:

- Sefaleksini na sefadroksili: kapsuli, au unga wa kuchanganya kwa mtoto. Hutibu majipu na vidonda vilivyoingia usaha, mafindofindo ya bakteria, na UTI isiyo kali.
- Sefuroksimu: vidonge, dawa ya maji na sindano. Sikio, sinasi (matundu ya hewa kandokando ya pua), kifua.
- Sefiksimu: vidonge au unga. UTI, sikio, na mara nyingine homa ya matumbo.
- Seftriaksoni: sindano tu, haina kidonge. Ni ya homa ya uti wa mgongo, nimonia kali, bakteria walioingia kwenye damu, homa ya matumbo kali, kisonono.
- Sefazolini: hii hutaandikiwa uende nayo nyumbani. Ni ile sindano inayochomwa muda mfupi kabla ya upasuaji, ukiwemo wa kujifungua, ili kidonda kisioze.

Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezipanga antibayotiki kwa makundi. Sefaleksini, sefadroksili na sefazolini ziko kwenye kundi la kutumika kwanza. Sefuroksimu, sefiksimu na seftriaksoni ziko kwenye kundi la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu zikitumiwa ovyo usugu wa vimelea hukua haraka. Kwa hiyo daktari akikuandikia kapsuli wakati wewe ulitaka sindano, hajakudharau. Amekuwekea akiba ya siku utakayoihitaji kweli.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Cheti cha dawa chenye jina la dawa, kiasi, mara ngapi na siku ngapi. Kama "siku ngapi" haikuandikwa, rudi ukaulize kabla hujaondoka kituoni.
- Uzito wa mtoto wa wiki hii. Ule wa kadi ya kliniki wa miezi sita iliyopita haufai.
- Kumbukumbu ya mzio: dawa gani ilikudhuru, na ilikufanya nini hasa.
- Orodha ya dawa nyingine unazomeza, hasa warfarini (ya kuzuia damu kuganda) na dawa za vidonda vya tumbo. Kama una ugonjwa wa figo, au mgonjwa ana seli mundu, sema hata kama hujaulizwa.
- Bomba la sindano la mililita 5 au 10, jipya, lisilo na sindano. Linauzwa famasi kwa bei ndogo, na kwa mtoto hakuna kifaa kitakachokufaa kuliko hicho.
- Maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa.
- Kalamu isiyofutika kwa maji, na simu yenye alamu.

Hatua kwa hatua

1. Soma jina la dawa na nguvu yake.

Maandishi makubwa kwenye boksi ni jina la kampuni. Jina la dawa huwa dogo, chini yake. Zinnat, kwa mfano, ni sefuroksimu. Rocephin ni seftriaksoni. Watu humeza dawa moja mara mbili kwa sababu walinunua maboksi mawili yenye majina tofauti ya biashara. Halafu tafuta nguvu: kwenye kapsuli ni miligramu kwa kila moja, na kwenye chupa ni miligramu kwa mililita 5. Sefaleksini ya chupa ipo ya 125 kwa mililita 5 na ipo ya 250 kwa mililita 5. Chupa zinafanana. Ukibadilishiwa chupa bila kubadilishiwa kipimo, mtoto anapata nusu ya dawa au anapata maradufu.

2. Taja mzio wako kabla hujalipa.

Usiseme tu "nina aleji ya penisilini". Eleza kilichotokea. Vipele vichache vilivyotokea siku ya sita ukiwa mtoto ni habari moja. Midomo kuvimba, pumzi kubana au kuanguka dakika chache baada ya sindano ni habari nyingine kabisa. Aliyepatwa na hiyo ya pili asipewe sefalosporini yoyote mpaka daktari ameamua.

Zamani tulifundishwa kwamba mtu 1 kati ya 10 wenye mzio wa penisilini atadhuriwa na sefalosporini pia. Sasa inajulikana kwamba ni wachache zaidi ya hapo, na kwamba hatari iko zaidi kwenye dawa zenye umbo linalofanana. Sefaleksini inafanana sana na ampisilini. Sefadroksili inafanana sana na amoksilini. Ampisilini na amoksilini zote ni penisilini. Kama amoksilini au ampisilini ndiyo iliyokudhuru, litaje jina hilohilo ili uchaguliwe dawa iliyo mbali nayo.

3. Piga hesabu ya dawa yote ukiwa bado dirishani.

Hapa ndipo penye jibu la mama niliyeanza naye. Mtoto wake aliandikiwa sefaleksini miligramu 250 kila saa nane kwa siku tano. Chupa yake ilikuwa ya 125 kwa mililita 5, kwa hiyo kila dozi ni mililita 10. Mara tatu kwa siku ni mililita 30. Kwa siku tano ni 150. Chupa ina mililita 100. Ilikuwa lazima iishe asubuhi ya siku ya nne, na mama hakukosea kitu. Kosa ni letu wa dirishani: alitakiwa kupewa chupa mbili, ya pili ikae bado unga mpaka siku ya kuhitajika.

Kwa hiyo zidisha: kiasi cha dozi moja, mara za kutwa, mara siku. Kama ulichopewa hakifiki, sema palepale. Na hapana, usimalizie na amoksilini ya kaka yake. Rudi na chupa tupu na cheti, siku hiyohiyo.

4. Geuza "kutwa mara tatu" kuwa saa.

Wengi husikia "mara tatu" wakaelewa chai, chakula cha mchana na chakula cha usiku. Ukinywa saa 2 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku, kuanzia hapo hadi kesho yake asubuhi ni saa kumi na mbili bila dawa. Sefaleksini haikai mwilini muda mrefu, na usiku huo bakteria wanajipanga upya. Andika hivi ukutani au kwenye boksi:

- Kila saa 6: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku.
- Kila saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.
- Kila saa 12: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku.
- Mara moja kwa siku, kama sefiksimu mara nyingi: saa ileile kila siku.

Tegesha alamu. Ukichelewa nusu saa hakuna kilichoharibika. Ni lile pengo la usiku kucha ndilo linaloumiza.

5. Changanya unga kwa awamu mbili.

Gonga chupa kwenye kiganja mpaka unga uachane na kitako na uanze kucheza ndani. Tia maji yaliyopoa hadi karibu nusu ya alama. Funga, tikisa kwa nguvu, kisha ipindue uangalie kitako kama pamebaki donge. Sasa ongeza maji hadi kwenye alama yenyewe, tikisa tena. Subiri povu litulie, kisha angalia: ukikuta maji yameshuka chini ya alama, jazia mpaka yafike. Andika kwenye lebo tarehe na saa uliyochanganya.

Makosa ninayoyaona ni matatu. La kwanza ni maji ya moto, kwa nia njema ya kuua vijidudu; yanaharibu dawa. La pili ni kujaza hadi alama kwa mkupuo mmoja kabla ya kutikisa. Unga ukishaloa maji hushuka, wewe unadhani umemaliza, kumbe dawa imekuwa nzito kuliko ilivyoandikwa. La tatu ni kutikisa mara moja tu, siku ya kuchanganya. Dawa hizi haziyeyuki kama sukari kwenye chai, zinaelea, na zikikaa huzama. Tikisa kila unapompa.

Hili la kutikisa nimelijua kwa binti yangu mwenyewe. Umeme ulikuwa umekatika, nikachanganya kwa mwanga wa simu, nikampa dozi ya kwanza nikalala. Siku ya tatu homa ilikuwa palepale. Nilipoiinua chupa juani nikaona chini kuna tabaka jeupe, nene kama uji, limeng'ang'ania kitako. Siku mbili nzima nilikuwa nimempa maji matamu, na mimi ndiye ninayewafundisha wengine. Tangu hapo simpi mzazi chupa ya unga bila kumgeuzia kitako chake akione.

6. Pima kwa bomba, si kwa kijiko cha chai.

Vijiko vya nyumbani havina kipimo kimoja. Vuta dawa, geuza bomba lielekee juu, gonga hewa itoke, na usome mstari ukiwa umeliweka usawa wa macho. Mtoto akae au ashikwe wima, asilazwe chali. Ingiza ncha upande wa ndani wa shavu na sukuma polepole, kidogo kidogo, ukimpa nafasi ya kumeza. Usimzibe pua. Dawa ikiingia kwenye njia ya hewa umemwongezea ugonjwa mwingine.

Usichanganye dozi kwenye chupa nzima ya maziwa au bakuli la uji. Akiacha nusu ya uji, ameacha nusu ya dawa.

7. Panga na chakula, na dawa nyingine.

Sefuroksimu ya kumeza inywe pamoja na chakula, maana tumbo likiwa tupu mwili huchukua kidogo tu. Kidonge chake usikisage. Ni kichungu kiasi cha kumfanya mtoto akatae dawa zote baada ya hapo. Sefaleksini, sefadroksili na sefiksimu zinaweza kunywewa na chakula au bila chakula, ila kama tumbo linachafuka, kula kwanza.

Dawa za kupunguza asidi tumboni, zikiwemo omeprazoli na zile za kutafuna, hupunguza nguvu ya sefuroksimu. Muulize mfamasia namna ya kuzipanga. Anayemeza warfarini aangaliwe damu, kwa sababu baadhi ya dawa hizi huongeza uwezekano wa kutokwa damu. Mwenye kisukari anayepima sukari kwenye mkojo anaweza kupata jibu la uongo. Siku hizo apime ya damu. Pombe na dawa hizi za kawaida hazigombani waziwazi, lakini wapo wachache kwenye ukoo huu wanaomfanya mnywaji atapike na moyo umwende mbio. Mwili unaopigana na ugonjwa uachie nafasi.

Mjamzito na anayenyonyesha: dawa nyingi za ukoo huu hutumika kwao, ila mwambie daktari hali yako. Mtoto anayenyonya anaweza kupata choo chepesi kidogo. Endelea kumnyonyesha.

8. Itunze ipasavyo.

Kapsuli na unga ambao haujachanganywa vikae mahali pakavu penye ubaridi, mbali na jiko, dirisha la jua na dashibodi ya gari. Baada ya kuchanganya, sefaleksini ya maji kwa kawaida inataka friji, kwenye rafu na si kwenye freza. Sefiksimu nyingi huvumilia nje ya friji. Lebo ndiyo yenye neno la mwisho. Maisha ya chupa iliyochanganywa ni siku 7 hadi 14 tu kutegemea mtengenezaji, zikipita, usiitumie tena.

Nyumbani hamna friji? Usione aibu kusema dirishani. Mara nyingi ipo dawa nyingine inayofaa, au kapsuli kama mtoto ameshaweza kumeza, na hilo lapaswa kuamuliwa kabla chupa haijachanganywa.

9. Siku ya tatu, jipime. Kisha maliza siku ulizoandikiwa.

Ndani ya saa 48 hadi 72 panapaswa kuwa na dalili ya nafuu: homa inashuka, mtoto anaomba chakula, mkojo hauunguzi kama jana. Nafuu isikufanye uache. Mafindofindo ya bakteria mara nyingi huandikiwa siku 10, na maumivu ya koo huisha siku ya tatu tu. Hizo siku saba zilizobaki zina kazi yake. Vilevile usijiongezee siku kwa hofu. Zilizoandikwa zinatosha, kama saa zimetunzwa.

Ukiandikiwa sindano ya seftriaksoni

Hii huchomwa na mtaalamu, kituoni. Lakini wewe au ndugu anayekusindikiza mnaweza kulinda mambo machache, na nawaomba mlinde.

Siku ya kwanza, kaa kituoni angalau nusu saa baada ya kuchomwa. Mzio mkali huja upesi, na mahali pa kuupatia ni palipo na adrenalini, si kwenye daladala.

Sindano ya msuli inauma, kwa hiyo mara nyingi unga wake huchanganywa na dawa ya ganzi. Iliyochanganywa na ganzi haiingii kwenye mshipa kamwe. Kama jana ulichomwa makalioni na leo unawekewa kwenye kanula (ule mrija unaoachwa mshipani), ni haki yako kuuliza: "Nesi, hii imechanganywa na nini?"

Seftriaksoni na kalsiamu zikikutana hugandana chembechembe. Dripu ya Ringa ina kalsiamu, hivyo haichanganywi na dawa hii wala haipiti nayo kwenye mpira mmoja kwa wakati mmoja. Kwa kichanga wa siku 28 au chini yake hatari ni kubwa zaidi: akiwa anapata kalsiamu ya mshipani, au akiwa na manjano, hapewi seftriaksoni. Mkumbushe daktari umri wa mtoto kwa siku.

Wengi hurudi nyumbani na kanula mkononi, waende kesho tena. Usiilowanishe wakati wa kuoga. Mkono ukivimba, ukiuma, ukipata joto au usaha, usisubiri saa ya sindano, nenda ikatolewe. Na usikatize siku za katikati kwa sababu homa imekwisha. Kama daktari anaona umeshapata nafuu, ataweza kukuhamishia kwenye vidonge.

Kununua seftriaksoni na kumwita mtu aje kukuchoma nyumbani ni jambo ninalolipinga kwa nguvu zangu zote. Mtu mwenye mafua anachomwa sindano tano, hazimsaidii kitu, na siku jirani yake atakapopata homa ya uti wa mgongo, dawa itakuta bakteria walioizoea.

Madhara: yapi ya kuvumilia, yapi ya kukimbilia

Wengi hawapati kitu. Yanayotokea mara nyingi ni tumbo: kichefuchefu, gesi, choo chepesi mara mbili tatu kwa siku. Antibayotiki haichagui, inaua na bakteria wema wa utumbo. Kunywa maji, kula kidogo kidogo, endelea na dawa. Mtoto mpe ORS na, kama ulivyoelekezwa kliniki, zinki.

Fangasi nao hupata nafasi. Mwanamke anaweza kuwashwa ukeni na kutoka uchafu mzito mweupe. Mtoto anaweza kupata utando mweupe mdomoni usiofutika kama wa maziwa. Unatibika kwa dawa ya fangasi. Usiache antibayotiki, nenda uongezewe tiba.

Vipele. Vitabu vingi husema "wekundu", lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Papasa mgongo na tumbo kwa kiganja: je, kuna vinundu, mabaka yaliyoinuka, ngozi yenye joto? Mgonjwa anajikuna? Ukiviona, usimpe dozi inayofuata mpaka umezungumza na mtaalamu.

Haya yafuatayo ni ya kukimbia kituoni sasa hivi, usiku au mchana:

- Uso, midomo au ulimi kuvimba, pumzi kubana, kizunguzungu cha kuanguka.
- Ngozi kutoka malengelenge au kubanduka, vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri.
- Kuharisha maji mfululizo, au damu, pamoja na tumbo kunyonga na homa. Hii inaweza kuja hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dozi, kwa hiyo taja kwamba ulitumia antibayotiki. Usinywe dawa ya kufunga choo.
- Kupauka ghafla, kuchoka sana, macho ya njano, mkojo mweusi kama Coca-Cola. Seftriaksoni mara chache sana huufanya mwili uvunje damu yake wenyewe, na kwa mtoto mwenye seli mundu hali hii imeshaua. Mzazi wa mtoto huyo aangalie viganja, macho na mkojo kila siku ya dozi, na akiona badiliko lolote dozi inayofuata isichomwe.
- Kuchanganyikiwa au degedege, hasa kwa mwenye figo mbovu aliyepewa dozi isiyopunguzwa.

Maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia wakati wa sindano za seftriaksoni yaseme pia. Dawa hii inaweza kujikusanya kwenye mfuko wa nyongo, na kwenye utrasaundi ikaonekana kama mawe. Kwa kawaida huyeyuka baada ya kuacha dawa, na aliyeambiwa aende kupasuliwa kabla ya kutaja sindano zake anapaswa kuzitaja upesi.

Mambo yakienda kombo

Nimesahau dozi. Inywe mara ukumbukapo. Kama dozi inayofuata iko karibu, ruka iliyosahaulika na uendelee na ratiba. Usinywe mbili kwa pamoja.

Mtoto ametapika. Akitapika ndani ya nusu saa, mpe tena dozi nzima baada ya kutulia. Ikipita nusu saa, subiri zamu inayofuata. Akitapika kila dozi, dawa ya kumeza haimfai, mrudishe.

Siku tatu zimepita, hakuna nafuu. Kwanza jiulize mwenyewe: saa zilitunzwa? chupa ilitikiswa? kipimo kilikuwa sahihi? Kisha rudi kituoni ukiwa na chupa. Huenda ni malaria ambayo haikupimwa, huenda ni virusi, huenda bakteria huyo ni sugu na mkojo unahitaji kuoteshwa maabara. Kuhamia dawa "kali zaidi" kwa ushauri wa jirani kunapoteza siku na kunaharibu kipimo.

Chupa ililala nje ya friji. Kama ni usiku mmoja na dawa haikupata jua, mpigie mfamasia umtajie jina lililo kwenye lebo, dawa hazifanani. Ikibadilika rangi au harufu, usiitumie. Umeme ukikatika, usifungue friji ovyo.

Kapsuli haimezeki. Baadhi zinaweza kufunguliwa na baadhi haziruhusiwi. Uliza kabla hujafungua.

Kisonono kimetibiwa na kimerudi. Mara nyingi mwenzi hakutibiwa. Nendeni wote wawili, na msikutane kimwili mpaka mmeambiwa mmepona. Kama mwenzi ametibiwa na dalili bado zipo, sema hivyo waziwazi ili mchukuliwe sampuli.

Imebaki kwenye chupa. Usimwekee mdogo wake. Irudishe famasi.

Nimepata madhara. Njoo na boksi lenyewe, maana namba ya toleo iko pembeni karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi, na utuambie siku na saa uliyokunywa na saa dalili ilipoanza. Tanzania tunajaza fomu ya njano ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Inachukua dakika chache, na huhitaji kuwa na uhakika kwamba ni dawa ndiyo iliyosababisha.